Tusiwalaumu wasomi waliohama kabla ya kujibu barua zao

Kila unapozuka mjadala kuhusu wasomi wetu waliohamia ng'ambo, lawama huwaangukia wao. Huambiwa kwamba walisomeshwa kwa kodi ya mkulima wa majani chai na ya mvuvi wa samaki, kisha wakaenda kuuza bongo zao kwa anayelipa zaidi. Hukumbushwa kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi ni mwanaisimu na methali hiyo huifundisha kila mwaka. Huwaeleza wanafunzi wangu kuwa tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni pale ndani, chini kabisa, ambapo maji hukusanyika kabla ya kukumbwa. Aghalabu tunalolisahau ni kwamba baharia hurejea ngamani kwa sababu kuna kazi inayomngoja. Maji yasipokumbwa, chombo huzama.

Je, sisi tumewawekea wasomi wetu kazi gani ngamani?

Swali hili limenirudia mara nyingi tangu nilipoanza kufuatilia maisha ya kitaaluma ya profesa mmoja wa India, marehemu Govind Swarup, aliyefariki Septemba 7, 2020 akiwa na umri wa miaka 91. Fani yake ilikuwa falaki ya redio. Naam, falaki, wala si unajimu wa kupigia ramli, ingawa baadhi ya kamusi zetu huyalaza maneno hayo mawili kitanda kimoja. Mwanafalaki wa redio hachunguzi nyota kwa jicho. Yeye hutega antena na kupokea mawimbi ya redio yatokayo kwenye jua, kwenye nyota na kwenye galaksi za mbali, mawimbi hafifu mno ambayo hupenya mawinguni na huweza kupokewa usiku na mchana. Msomaji atauliza mwanaisimu ana haja gani na mambo hayo. Haja yangu ni kwamba katika maisha ya mtu huyu mna jambo linalotuhusu sisi Wakenya kwa karibu zaidi kuliko tunavyodhani, na nitalifikia.

Swarup alizaliwa mwaka wa 1929 na akasomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Allahabad, ambako alipata shahada ya uzamili mwaka wa 1950. Aliajiriwa katika Maabara ya Taifa ya Fizikia mjini Delhi chini ya K. S. Krishnan, mwanafizikia mashuhuri. Mwaka wa 1952 Krishnan alihudhuria mkutano wa kimataifa mjini Sydney, akaona jinsi Waaustralia walivyokuwa wakitumia ujuzi wa rada uliobaki baada ya Vita Vikuu vya Pili kuchunguza anga, akarudi nyumbani akiwa amewaka moto. Mwaka uliofuata Swarup alikuwa Sydney kwa ufadhili wa Mpango wa Colombo, akijifunza kwa akina Joseph Pawsey na Chris Christiansen. Huko Potts Hill kulikuwa na safu ya antena 32 zenye umbo la dishi, kila moja ikiwa na kipenyo kisichozidi mita mbili. Kazi ya mwanzo ya Swarup ilihusu safu hiyo. Waaustralia walipokuwa tayari kuziacha antena hizo na kujenga nyingine, kijana huyu aliomba India ipewe. Pawsey alikubali.

Hapa ndipo kisa kinapoanza kufanana na vyetu. Swarup alirejea Delhi mwaka wa 1955 kuzingoja antena zake. Hazikuja. Kukawa na mabishano kuhusu nani agharamie nauli ya meli! Vifaa vimetolewa bure, mtaalamu wa kuvitumia amekwisha kurudi nyumbani na ameketi mezani pake, lakini nauli haipatikani. Mwaka wa 1956 akafunga virago tena, safari hii akaenda Marekani.

Ningependa wale wanaopenda kuhubiri uzalendo wakae kidogo na tukio hilo. Mtu huyu alirudi nyumbani kwa hiari yake, akiwa kijana na mwenye ujuzi ambao wenzake wachache sana katika taifa zima walikuwa nao. Aliondoka mara ya pili kwa sababu alikosa cha kushika mkononi. Lau angebaki Marekani moja kwa moja, leo angetajwa katika orodha ya wasaliti, na hakuna ambaye angekumbuka suala la nauli.

Huko Marekani alistawi. Katika kituo cha Fort Davis, Texas, yeye na Alan Maxwell walitambua aina mpya ya milipuko ya redio ya jua. Kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Stanford, akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1961 chini ya Ronald Bracewell, na akapewa kazi ya kufundisha papo hapo. Wengi wetu tungelihesabu hilo kuwa kilele cha safari.

Lakini Septemba 1961 Swarup na Wahindi wenzake watatu wa fani hiyo waliokuwa ng'ambo, T. K. Menon, M. R. Kundu na T. Krishnan, waliandika barua ya pamoja. Waliituma kwa wakuu wa taasisi tano za India. Walisema kwamba wako tayari kurudi kwa pamoja na kuanzisha kikundi cha falaki ya redio, mradi taasisi mojawapo iwape mahali pa kufanyia kazi.

Homi Bhabha aliijibu. Huyu ndiye aliyekuwa mwanzilishi na mkurugenzi wa Taasisi ya Tata ya Utafiti wa Kimsingi mjini Bombay. Alitafuta maoni ya wanafalaki wakubwa wa nje kuhusu vijana hao, na kufikia Januari 1962 alikwisha kupeleka simu ya maandishi kuwafahamisha kwamba uamuzi wa kuunda kikundi ulikuwa umepitishwa. Miezi minne! Swarup aliacha nafasi yake Stanford na mwaka wa 1963 akawa Bombay. Zile antena za Potts Hill, ambazo hatimaye zilikuwa zimefika India, zilisimamishwa Kalyan, karibu na Bombay, na kufikia 1965 zilikuwa zikilichunguza jua.

Mimi nashikilia kwamba bila simu hiyo ya maandishi tusingekuwa na haja ya kumtaja Swarup leo katika ukurasa huu. Angekuwa profesa mwema wa Stanford na basi. Tunapowasifu waliorudi huwa tunasahau kumsifu aliyewapokea, ilhali kurudi ni jambo la watu wawili. Wa kwanza hubisha hodi na wa pili husema karibu.

Nina mwanafunzi wangu wa zamani, hodari kupita kiasi, aliyepata shahada ya uzamifu katika nchi moja ya Ulaya. Taaluma yake ni usindikaji wa lugha kwa kompyuta, eneo ambalo Kiswahili kinalihitaji kama kiu inavyohitaji maji. Aliviandikia vyuo vitatu vya hapa nchini, ambavyo sitavitaja, akiomba kufundisha hata kwa mkataba wa mwaka mmoja. Chuo kimoja kilimjibu baada ya miezi kumi na minne kikimtaka alete nakala halisi ya cheti cha kidato cha nne. Viwili havikumjibu hadi leo. Nilipomuuliza iwapo bado ana nia ya kurudi alicheka tu, na kicheko chake hakikuwa cha furaha.

Kuna watakaosema kuwa India ni nchi kubwa, ina watu na ina mali, na kwamba sisi hatuwezi kujilinganisha nayo. Hebu tuitazame India ya wakati ule. Mwaka wa 1965 ilikuwa vitani na Pakistan. Mvua zikakosa mwaka huo na mwaka uliofuata, jimbo la Bihar likaingia katika baa la njaa, na taifa likawa linategemea ngano ya msaada kutoka Marekani. Januari 1966 Bhabha mwenyewe akafa katika ajali ya ndege kwenye mlima Mont Blanc. Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo Swarup na vijana wake, wengi wao wakiwa wametoka vyuoni juzi na hawajawahi kuiona darubini ya redio, walipokuwa wakijenga ile ya Ooty katika vilima vya Nilgiri, kusini mwa India. Ilikamilika mwaka wa 1970. Mlezi wao alikwisha kufa, ila taasisi aliyoiacha iliendelea kuitikia hodi.

Darubini hiyo ya Ooty yafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndani yake mna fikira ambayo mwalimu yeyote anaweza kuifundisha darasani kwa chungwa na penseli. Ukitaka kuifuata nyota inayochomoza mashariki na kutua magharibi, unahitaji chombo kinachozunguka kwenye mhimili ulio sambamba na mhimili wa dunia. Kwa chombo kidogo si kazi. Kwa chombo chenye urefu wa mita 530 na upana wa mita 30 ni balaa, kwa sababu itakubidi uunyanyue upande mmoja wake hewani kwa minara ya chuma. Swarup hakuijenga minara. Alitafuta mlima. Ooty iko takriban digrii 11 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo alitafuta mteremko unaoelekea kaskazini na kusini, ulioinama kwa digrii zizo hizo 11, akakilaza chombo chake juu yake. Mlima ukafanya kazi ya minara bila kulipwa. Darubini ikawa inazunguka polepole kwenye mhimili mmoja tu na kuifuata nyota kwa zaidi ya saa tisa.

Shabaha yake kuu mwanzoni ilikuwa kutumia mwezi. Mwezi unapopita mbele ya chanzo cha mawimbi ya redio, mawimbi hukatika. Na madhali wanafalaki wanajua barabara ukingo wa mwezi uko wapi kila sekunde, basi huweza kupima mahali chanzo kilipo na ukubwa wake. Mamia ya vyanzo yalipimwa hivyo. Matokeo hayo yalimwezesha Swarup, pamoja na mwanafunzi wake Vijay Kapahi, kuonyesha katikati ya miaka ya sabini kwamba galaksi za redio za zamani hazikuwa sawa na za sasa. Ulikuwa ushahidi ulioafikiana na nadharia ya Mlipuko Mkuu, kutoka katika nchi ambayo haikutarajiwa kuchangia mjadala huo.

Sasa nalifikia lile linalotuhusu.

Mwalimu achukue chungwa, achome penseli kutoka juu hadi chini iwe mhimili wa dunia, kisha alaze njiti ya kiberiti juu ya ganda, katikati hasa, ielekee kaskazini na kusini. Ataona kuwa njiti imekaa sambamba na penseli bila kuinamishwa hata kidogo. Alichokitafuta Swarup kwa taabu katika vilima vya Nilgiri, yule anayeishi kwenye ikweta anacho uani kwake, kwenye uwanda tambarare. Nanyuki hawahitaji mlima.

Swarup aliliona hilo. Mwaka wa 1979 lilitolewa pendekezo la kuanzisha Taasisi ya Kimataifa ya Sayansi za Anga na Elektroniki, pamoja na darubini kubwa ya redio ya ikweta yenye urefu wa kilomita mbili na upana wa mita 50, iwe mradi wa ushirikiano wa nchi zinazoendelea. Nchi zilizofikiriwa ni Kenya na Indonesia. Walioandika pendekezo hilo walikuwa watatu. Wa kwanza ni Swarup. Wa pili ni Samuel Okoye wa Nigeria, ambaye alisomea Cambridge na mwaka wa 1965 yeye na Antony Hewish walitangaza kuwapo kwa chanzo kidogo cha ajabu ndani ya wingu la Kaa, ambacho baadaye kilidhihirika kuwa nyota inayodunda. Wa tatu ni Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo, yule yule bingwa wa wadudu aliyeanzisha kituo cha ICIPE jijini Nairobi mwaka wa 1970.

Darubini hiyo haikujengwa, si Kenya wala Indonesia. Sina nia ya kumtafuta wa kumlaumu, maana miradi mikubwa huanguka kwa sababu nyingi na wenyewe wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kinachoniuma ni kwamba nimewauliza walimu wengi, wakiwemo wa fizikia, na sijampata hata mmoja aliyewahi kusikia habari hizo. Tuna vitabu vya historia vinavyotaja kila mkataba uliotiwa saini na Wazungu Berlin, lakini barua hii ya Mwafrika wa Rusinga, Mwafrika wa Nsukka na Mhindi wa Bombay, iliyoitazama ikweta yetu kuwa mali, haimo. Waitalia na Wamarekani waliujua uzuri wa mahali hapa mapema. Desemba 12, 1970 walirusha kutoka baharini karibu na Malindi setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani, wakaipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ya taifa letu. Hadi leo wanafalaki wa dunia nzima huviita baadhi ya vyanzo vya miale hiyo kwa alama ya 4U na tarakimu zinazofuata, na hiyo U ni ya neno letu la Kiswahili. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wanaolijua hilo?

Swarup hakukaa akiomboleza mradi wa ikweta. Katika miaka ya themanini aliwaza chombo kingine cha nyumbani: madishi 30, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 45, yaliyotawanywa katika eneo linalofika kilomita 25 karibu na kijiji cha Khodad, kaskazini mwa Pune. Dishi la ukubwa huo kwa kawaida ni mzigo mkubwa wa chuma na wa fedha. Lakini mawimbi aliyoyataka ni marefu, na wimbi refu halipiti katika tundu dogo kama vile ng'ombe asivyopita katika tundu la kuku. Kwa nini basi atumie bamba? Alitandaza wavu wa nyaya nyembamba za chuma kisichoshika kutu, akaukaza kwa kamba za waya juu ya fremu nyepesi, mfano wa kitanda chetu cha kamba. Upepo ukapenya, uzito ukapungua, na gharama ikashuka hadi pale ambapo India iliweza kulipa. Mwaka wa 2001 darubini hiyo ilikabidhiwa rasmi kwa wanasayansi wa ulimwengu. Tangu hapo Wazungu wamekuwa wakituma maombi Pune ili wapewe saa za kuitumia.

Sasa nauliza: katika mizani tunayotumia kuwapandisha vyeo wahadhiri wetu, miaka ambayo Swarup aliitumia kutafuta mteremko na kukaza nyaya ingepewa alama ngapi? Tunahesabu makala na tunahesabu majarida. Anayejenga karakana, anayekusanya vijana kumi na kuwafunza kuunda kipokezi kwa mikono yao, huyo hana kisanduku chake katika fomu zetu. Matokeo ni kuwa mhadhiri mwenye akili hukimbilia makala tano nyepesi na kuliacha jambo moja zito.

Fursa haijatuponyoka kabisa. Kenya ni mojawapo ya mataifa manane ya Kiafrika yaliyoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa ya SKA, ambayo mwaka wa 2012 iliamuliwa ijengwe Afrika na Australia. Ghana ilichukua dishi kuukuu la mawasiliano la Kuntunse, lenye kipenyo cha mita 32, ikaligeuza darubini ya redio na kuizindua mwaka wa 2017. Sisi tuna kituo cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka wa 1970 na kilicho takriban digrii moja tu kutoka ikweta, na mazungumzo ya kuligeuza dishi la huko yamekuwapo kwa muda mrefu. Mazungumzo tunayaweza sana.

Ninalolipendekeza halihitaji dishi kwanza. Kila chuo kikuu cha umma kiwe na afisa mmoja, mwenye jina na meza, ambaye kazi yake ni kupokea barua za Wakenya walio ng'ambo wanaotaka kuja kufundisha au kuanzisha jambo, kuzipeleka kwa mkuu wa idara husika, na kuhakikisha kwamba jibu limetoka katika muda wa miezi minne, liwe ndiyo au la. Orodha ya barua zilizopokewa na zilizojibiwa isomwe mbele ya seneti kila mwaka. Na anayekubaliwa asipewe masomo sita ya kufundisha na ofisi ya kugawana na watu watano, bali apewe tatizo moja la kulitafutia ufumbuzi na wanafunzi wanne wa kumsaidia. Atakayeshindwa, tutamjua ameshindwa.

Walimu nao wana lao. Kisa cha Ooty kinaingia katika kipindi kimoja cha jiografia au fizikia, na kwa Kiswahili kinaelezeka bila kukwama. Nimekieleza hapa kwa maneno ambayo mwanafunzi wa sekondari anayajua. Miongoni mwa wanaoketi madarasani leo wamo watakaopelekwa Cape Town, Manchester na Pune kujifunza kazi hii, kwani baadhi ya wenzao wamekwisha kwenda. Baada ya miaka minane au kumi wataanza kutuandikia.